Kwa nini Sunderland walishuka mara mbili mfululizo?

Swali: "Mtaalamu, nafuatilia Ligi Kuu ya England tangu niko shule. Kila timu ikishuka naambiwa inapewa mamilioni ya pauni, na wachezaji wake wanabaki wakali kuliko wote wa daraja la pili. Sasa ilikuwaje Sunderland washuke 2017, halafu mwaka unaofuata washike mkia tena na kudondokea daraja la tatu? Majirani zao Newcastle wameshuka mara mbili na mara zote wamerudi ndani ya msimu mmoja. Ina maana pesa haisaidii?" – Msomaji wa Tanga.

Ndugu yangu wa Tanga, pesa inasaidia sana. Ila hiyo unayoisema wewe, Sunderland walikuwa wameshaila kabla haijafika. Watu hudhani msimu wa kwanza baada ya kushuka unaanza Agosti, ligi inapofunguliwa. Unaanza miaka mitatu minne nyuma, siku mchezaji anaposaini mkataba na hakuna hata mmoja pale mezani anayeuliza, "Na tukishuka je?"

Tuanze na hayo mamilioni. Sehemu kubwa ya fedha za televisheni za Ligi Kuu hugawanywa sawa kwa timu zote 20. Timu inayoshuka haikatiwi ghafla: mwaka wa kwanza inapewa asilimia 55 ya fungu hilo la sawa kwa sawa, wa pili asilimia 45, wa tatu asilimia 20. Ule wa tatu huupati kama ulikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu. Waingereza wameyapa jina la malipo ya parachuti, kwamba utue badala ya kuanguka. Utaratibu huo ndio uliowakuta Sunderland.

Msimu wa 2016/17 walimaliza wa mwisho na pointi 24, na bado wakaondoka na karibu pauni milioni 93 za mfuko wa ligi. Msimu uliofuata parachuti ikawapa milioni 40 na ushee. Kwa Burton Albion au Barnsley, waliokuwa nao mwaka huo kwenye Championship, yaani daraja la pili, milioni 40 ni utajiri wa kuota. Kwa Sunderland ilikuwa kama mtu aliyezoea mshahara wa laki tisa akaanza kupokea laki nne, huku kodi ya nyumba, ada za watoto na marejesho ya benki viko palepale.

Na marejesho yalikuwepo kwelikweli, maana deni la klabu lilizidi pauni milioni 100. Mmiliki, Mmarekani Ellis Short, alikuwa amechoka kutia fedha zake. Kwa hiyo kiangazi cha 2017 kocha alikuwa anatafuta mshambuliaji wakati bosi wake anatafuta wa kumuuzia klabu.

Deni hilo lilitoka wapi? Hesabu makocha. Machi 2013 alifukuzwa Martin O'Neill. Akaja Paolo Di Canio, akaja Gus Poyet, akaja Dick Advocaat, akaja Sam Allardyce, akamalizia David Moyes aliyeondoka Mei 2017. Majina sita ndani ya miaka minne na kidogo. Kila aliyeingia alikuta kikosi cha mwenzake, hakukipenda, akasajili cha kwake. Na kila Mei timu ilinusurika chupuchupu: nafasi ya 17 mwaka 2013, ya 14, ya 16, kisha ya 17 tena. Mimi naamini kule kunusurika ndiko kulikowamaliza. Timu ikiponea siku za mwisho, mji mzima unashangilia, mmiliki anashusha pumzi, na hakuna anayeketi kuuliza kwa nini ugonjwa uleule unarudi kila mwaka. Newcastle walipata bahati ya kuanguka mapema, mwaka 2009, kabla mifupa haijaoza.

Sasa njoo kwenye mikataba. Klabu makini huweka kipengele kwamba timu ikishuka, mshahara unashuka nao. Jack Rodwell alinunuliwa kutoka Manchester City mwaka 2014 kwa takriban pauni milioni 10, mkataba wa miaka mitano, bila kipengele hicho. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba alikuwa akilipwa pauni 70,000 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52: zaidi ya milioni 3.6 kwa mwaka, kwa mchezaji aliyekuwa hachezi. Januari 2018 klabu ilitaka mkataba uvunjwe, yeye akabaki. Mashabiki walimsema sana, nami naona walimwonea. Hakujiandikia mkataba mwenyewe, na hata mimi na wewe tusingerudisha mshahara tuliosainiwa kwa hiari. Kosa ni la aliyeshika kalamu upande wa pili.

Kwa Jermain Defoe kipengele kilikuwepo, lakini kilielekea upande mbaya. Msimu walioshuka alifunga mabao 15 ya ligi, zaidi ya nusu ya mabao yote ya timu. Mkataba wake ulisema timu ikishuka anaondoka bure, na bure akaenda Bournemouth. Bidhaa ghali kuliko zote dukani ikatoka mlangoni bila senti kuingia. Aliyeingiza fedha ni kipa kijana Jordan Pickford, mtoto wa pale pale Sunderland, aliyeuzwa Everton kwa pauni milioni 25 ambazo zingeweza kufika 30. Hukuona milioni hizo zikirudi uwanjani. Kocha mpya, Simon Grayson, alisajili watu wa mkopo, wasio na mkataba na wa bei ya kutupa.

Angalia lango peke yake, maana ndipo msimu ule unapoonekana wazi. Pickford aliondoka. Wakaja Jason Steele na Robbin Ruiter, mmoja akikosea anaingia mwenzake, huyo akikosea anarudi wa kwanza. Januari wakamkopa Lee Camp awe wa tatu. Beki anayecheza mbele ya kipa asiyemwamini hurudi nyuma hatua mbili tatu bila kujua, kiungo naye anarudi, na mpinzani anapata nafasi ya kupiga akiwa ametulia. Mechi 46, mabao 80 wavuni.

Mbele nako, tegemeo lilikuwa Lewis Grabban, wa mkopo kutoka Bournemouth. Alifunga mabao 12 ya ligi kabla ya mwaka mpya kuingia sawasawa. Januari Bournemouth wakamwita, akapelekwa Aston Villa, timu iliyokuwa inapigania kupanda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sijaona mahali methali hiyo ilipokaa vizuri kuliko kwenye usajili ule. Mpaka ligi inaisha, hakuna mchezaji wa Sunderland aliyezifikia zile 12.

Grayson alishinda mechi moja kati ya 15 za ligi. Usiku wa Oktoba 31 walitoka sare ya 3-3 na Bolton nyumbani, na kabla mashabiki hawajafika kwenye vituo vya basi habari zilishatoka kwamba amefukuzwa. Akaletwa Chris Coleman, aliyekuwa ameifikisha Wales nusu fainali ya Euro 2016. Kocha mzuri, tena mwenye moyo, lakini alipewa jiko bila kuni.

Desemba 16, 2017 walicheza na Fulham. Ilikuwa imepita siku 364 tangu Sunderland washinde nyumbani. Fikiria baba aliyekata tiketi ya msimu, anamchukua mwanawe kila Jumamosi ya mechi, mwaka mzima wanarudi nyumbani kimya. Dakika ya 77 kijana wa miaka 18, Josh Maja, aliyeingia kutoka benchi na kucheza ligi kwa mara ya kwanza, akafunga. Ikaisha 1-0. Watu walilia pale uwanjani, na si kwa sababu ya pointi tatu.

Haikutosha. Aprili 21, 2018 walikuja Burton Albion, timu ndogo kutoka mji wa viwanda vya bia, nayo ikiwa hoi mkiani. Paddy McNair akawapa Sunderland bao la kuongoza. Mpaka dakika ya 85 bado wanaongoza. Dakika ya 86 Darren Bent akasawazisha kwa kichwa. Huyu Bent ndiye aliyekuwa mshambuliaji wao kipenzi kuanzia 2009 mpaka walipomuuza Villa Januari 2011. Dakika za nyongeza Liam Boyce akaweka la pili. Sunderland wakashuka siku hiyo, wakamaliza wa 24 na pointi 37. Burton wenyewe nao walishuka.

Utaniambia mpira una bahati mbaya. Sikatai, lakini msimu uleule unatupa kipimo. Mwaka 2017 walishuka watatu pamoja: Sunderland, Middlesbrough na Hull City. Hull unawakumbuka, ndio waliovaa jezi za SportPesa. Parachuti ya mwaka wa kwanza ilikuwa ileile kwa wote. Middlesbrough walimaliza wa tano wakacheza mtoano wa kupanda. Hull wakawa wa 18. Sunderland mkiani.

Tuvuke sasa mto, twende kwa majirani ambao umewauliza. Newcastle walishuka Mei 24, 2009 kwa bao la kujifunga la Damien Duff uwanjani Villa Park. Pointi 34, moja tu nyuma ya Hull waliosalia. Msimu huo walikuwa wamepitia mikononi mwa Kevin Keegan, Joe Kinnear, Chris Hughton wa muda, na Alan Shearer wa mechi nane. Michael Owen akaondoka bure. Obafemi Martins, Sebastien Bassong, Habib Beye na Duff wakauzwa. Klabu nayo ilitangazwa kuuzwa. Yaani ukiwatazama Juni 2009 ungesema hawa ndio watakaopotea. Na malipo yao ya parachuti, kwa utaratibu wa wakati ule, yalikuwa madogo sana ukiyalinganisha na ya Sunderland miaka minane baadaye.

Julai 25 wakaenda kucheza mechi ya kirafiki na Leyton Orient, timu ya daraja la tatu. Wakafungwa 6-1. Hapo ndipo msimu wao ulipogeuka, na ninakuomba utulie hapo kidogo. Baada ya kichapo kile wachezaji walikaa wenyewe kwa wenyewe na kuwekana wazi. Anayetaka kuondoka aseme sasa na aende, hakuna atakayemlaumu. Anayebaki, abaki mzima. Walikuwemo wakongwe kama Steve Harper, Nicky Butt, Alan Smith na Kevin Nolan, watu ambao vijana waliogopa kuwatazama usoni wakizembea. Fabricio Coloccini, Jonás Gutiérrez na José Enrique, ambao wangepata timu za Ligi Kuu au Hispania, walibaki.

Hughton, mtu mpole asiyepaza sauti, aliendesha timu kama kaimu mpaka Oktoba ndipo akapewa kazi rasmi. Walimaliza mabingwa kwa pointi 102, ushindi 30, sare 12, kufungwa mara nne tu. Nyumbani hawakufungwa hata mechi moja ya ligi. Nolan alifunga mabao 17, na Andy Carroll, mtoto wa kwao, naye 17. Mashabiki zaidi ya 43,000 kwa wastani walijaa kila mechi, daraja la pili!

Nisikudanganye, haukuwa moyo peke yake. Mmiliki Mike Ashley, pamoja na kuchukiwa na mashabiki, aliendelea kuikopesha klabu fedha, na Januari wakaongeza watu kama Wayne Routledge na Mike Williamson. Ukiwa na umoja bila fedha unaweza kuponea kushuka tena, lakini pointi 102 huzipati. Tofauti ni kwamba fedha za Newcastle zilikuta watu wanaotaka kucheza pale. Za Sunderland zilienda kwa watu ambao miili ilikuwa pale na mioyo iko kwa mawakala wao. Didier Ndong alinunuliwa 2016 kwa takriban pauni milioni 13.6, ghali kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kusajiliwa na klabu hiyo hadi wakati huo. Kiangazi cha 2018 hakuripoti mazoezini, na mwisho klabu ikavunja mkataba wake. Papy Djilobodji hivyo hivyo.

Mara ya pili, 2016, Newcastle walifanya jambo lingine la busara. Rafa Benítez alikubali kubaki. Wakawauza Georginio Wijnaldum na Moussa Sissoko kwa jumla ya takriban pauni milioni 55, wakanunua watu wanaoijua Championship kama Dwight Gayle na Matt Ritchie. Ligi ile ina mechi 46, Jumamosi na Jumanne, mvua na matope, timu 24 na mabeki ambao kila mmoja anataka kukuonyesha kwamba wewe wa Ligi Kuu si lolote. Mchezaji anayejiona amepelekwa pale kama adhabu hushindwa kabla ya filimbi. Gayle hakuona adhabu. Alifunga 23 na Newcastle wakatwaa ubingwa kwa pointi 94.

Kati ya hizo njia mbili kuna ya wengi, na kwetu Tanzania tunapaswa kuijua. Aston Villa walishuka 2016 na pointi 17, wakatumia fedha nyingi, wakamaliza wa 13. Iliwachukua miaka mitatu, mpaka mtoano wa 2019 walipowafunga Derby 2-1 pale Wembley. Miezi michache baadaye, Januari 2020, walimsajili Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

Na kama unadhani mambo haya ni ya zamani, tazama walioshuka 2024: Luton, Burnley na Sheffield United. Wote na parachuti ya mwaka wa kwanza. Burnley walikusanya pointi 100 na kuruhusu mabao 16 tu katika mechi 46, wakapanda. Luton wakashuka tena mpaka daraja la tatu, safari ileile ya Sunderland. Sheffield United wakawa wa tatu.

Kwa hiyo timu yako ikishuka, usihangaike sana na tarakimu za parachuti zinazoandikwa. Mwezi Juni tazama nani ameondoka bure na nani ameuzwa. Tazama kama kipa na mfungaji ni mali yenu au wa kuazima. Tazama kama mmiliki bado anaitaka klabu. Ukiona mapema Agosti kuna wachezaji watano wanaofanya mazoezi peke yao wakisubiri wakala apige simu, jiandae kwa baridi ndefu.

Sunderland waliuzwa Aprili 29, 2018, siku ileile Coleman alipoondolewa. Short alifuta madeni ndipo akaondoka, na kwa hilo nampa heshima yake. Uwanja wao umejengwa juu ya mgodi wa makaa ya mawe wa Monkwearmouth uliofungwa 1993, na viti vyake vyekundu vilikuwa vimechujuka kwa jua na mvua mpaka vikawa vya waridi. Kiangazi kile mashabiki walijitolea, wakaja na spana zao, wakafungua viti vya waridi kimoja kimoja na kufunga vyekundu vipya. Desemba 26 mwaka huo watu 46,039 walikuja kutazama mechi ya daraja la tatu dhidi ya Bradford.

Walikaa huko miaka minne. Walipanda 2022, na chini ya mmiliki kijana Kyril Louis-Dreyfus wakaacha majina makubwa, wakajenga kikosi cha vijana. Mei 24, 2025 walifika fainali ya mtoano Wembley, bila hata senti ya parachuti, dhidi ya Sheffield United waliokuwa nayo. Sheffield wakatangulia, Eliezer Mayenda akasawazisha dakika ya 76, na dakika ya tano ya nyongeza Tommy Watson, kijana wa miaka 19 kutoka akademi yao wenyewe, akapiga mpira wa chini ukajaa kona ya lango. Watson alikuwa ameshakubaliana na Brighton na alijua hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho na jezi ile.